Kabla ya Kutafuta Mchawi, Tupime Tansio ya Wanaume

Mara nyingi ukurasa huu unawaambia juu ya kaske, mabuti, vumbi, na namna ya kukaa mbali wakati wa baruti. Hayo yote ni ya lazima. Lakini leo nataka kusema juu ya kifo kimoja ambacho kaske haikizuii, na ambacho sisi watu wa huku Lemera tumezoea kukipa jina lisilo lake.

Habari yenyewe mnaijua, maana kila kambi ina yake. Mwanamume ana miaka 47. Ana nguvu, hajalazwa hospitali tangu utoto. Jumamosi amekunywa kasiksi kwa jirani, amecheka na watu, amerudi kulala. Jumatatu asubuhi anapanda njia na mzigo begani. Katikati ya mlima anashika kifua, anakaa chini, jasho linamtoka kama mvua, na kabla watu hawajapata kipoyi amekwisha kukata roho. Siku ya tatu ya kilio maneno yanaanza. "Mtu mzima namna hii hafi hivi hivi." "Nani alimpa kinywaji?" "Hii ni karuho." Na yule mama aliyemuuzia kasiksi, mjane mwenye watoto wanne, anafunga vyombo vyake usiku na kushuka bondeni na watoto, kwa sababu amesikia vijana wanatafuta petroli.

Mimi nilikuwa kwenye kilio hicho. Nilikuwa kapita wa zamu ya marehemu. Jina lake siliandiki, watoto wake wangali wanasoma. Baada ya siku 40 mke wake aliniletea sanduku la makaratasi, nimsaidie kutafuta karatasi za mshahara. Katikati yake tukakuta kadi ya dispanseri. Ilikuwa ya miezi minane kabla ya kifo, nayo iliandikwa: tansio 190 kwa 115. Chini yake: dawa ya siku 30, arudi kila mwezi. Baada ya hapo kadi ilikuwa nyeupe. Hakurudi hata mara moja, na nyumbani hakusema neno. Mama akaniuliza: "Kapita, hesabu hii maana yake nini?" Nilishindwa kumjibu, kwa kuwa wakati ule mimi mwenyewe sikujua. Nimejifunza baadaye, na tena kwa kupimwa mwenyewe. Nitakueleza.

TANSIO NI KITU GANI?

Unaijua pampu inayotoa maji shimoni. Inasukuma maji ndani ya bomba, nayo inafanya kazi usiku na mchana. Sasa bomba likikazwa, au likijaa matope ndani, pampu haisimami. Inasukuma kwa nguvu zaidi. Inapata moto, inatetemeka, lakini maji yanatoka bado, na mtu anayepita juu anasema pampu ni nzima. Siku moja inakufa ghafula, na fundi akiifungua anakuta imekwisha kuharibika zamani.

Moyo ni pampu hiyo. Ukubwa wake ni kama ngumi yako mwenyewe, na kwa siku moja unapiga kama mara 100,000. Nguvu ya damu inayosukuma ukuta wa mishipa ndiyo tunayoiita tansio. Munganga anapokufunga kile kitambaa mkononi, anaandika hesabu mbili. Ya kwanza, ile kubwa, ni nguvu ya damu wakati moyo unasukuma. Ya pili ni nguvu inayobaki wakati moyo unapumzika kati ya pigo na pigo. Mtu mzima ambaye hesabu zake ni 140 kwa 90 au zaidi, na si mara moja tu bali kwa siku mbalimbali, ana tansio ya juu. Marehemu wetu alikuwa na 190 kwa 115. Pampu yake ilikuwa inachemka.

Tansio ikikaa juu kwa miaka, nyama ya moyo inanenepa kama mkono wa mchimbaji. Usifurahi: moyo ulionenepa hivyo unakuwa mgumu, haujazi damu vizuri, na mwishoni unalegea na kutanuka. Hapo miguu inavimba, mtu anakosa pumzi akilala, anaomba mito mitatu. Wakati huohuo kuta za mishipa zinaumia, mafuta yanashika mahali palipoumia, njia inapungua. Damu ikiganda katika mshipa unaolisha moyo wenyewe, sehemu ya moyo inakufa. Ikiganda katika kichwa, au mshipa ukipasuka huko, mtu anapooza upande mmoja. Mafigo nayo yanaharibika polepole.

Na katika miaka hiyo yote hakuna kinachouma! Hili ndilo neno ninalotaka ulishike. Jino likioza linauma, kidole kikipondwa kinauma, lakini tansio haiumi. Wengi wanasema: "Nikiwa na tansio nitaumwa kichwa." Wapo wanaoumwa, lakini wengi hawasikii kitu. Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza mwaka 2021 kwamba watu wazima kama bilioni 1.28 duniani, wa miaka 30 mpaka 79, wana tansio ya juu, na karibu nusu yao hawajui kama wanayo. Mimi nilikuwa katika nusu hiyo. Siku niliyopimwa nilikuwa na 170 kwa 100, na asubuhi ile nilikuwa nimebeba mbao za galeri bila kuchoka.

"HUO NI UGONJWA WA WAKUBWA"

Ukisema maneno haya mbele ya wachimbaji, jibu liko tayari. "Moyo ni ugonjwa wa wakubwa wanaokaa ofisini na kula nyama. Sisi tunapanda milima, jasho linatutoka, mafuta yatakaa wapi?" Jibu hili si la kuchekwa. Zamani lilikuwa na ukweli.

Mwaka 1929 daktari mmoja wa Kiingereza, Donnison, aliandika katika gazeti la madaktari la Lancet habari za watu wa Kenya ya magharibi, upande wa Kisii. Alikuwa amepima watu kama 1,000. Akaona ajabu: kwa watu wa Ulaya tansio hupanda kadiri miaka inavyoongezeka, lakini kwa wale wanakijiji haikupanda hivyo. Miaka mingi baadaye, mwaka 1956, Daktari Trowell wa hospitali ya Mulago, Kampala, pamoja na mwenzake, waliandika juu ya Mwafrika mmoja aliyepatwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja tu! Ugonjwa huo ulikuwa mgeni kwa watu wetu kiasi kwamba mgonjwa mmoja alistahili kuandikwa gazetini.

Basi ni nini kilichobadilika? Damu yetu ni ileile. Kilichobadilika ni maisha. Watafiti walifuata Waluo waliotoka vijijini Kenya ya magharibi kwenda kutafuta kazi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Habari yao ilitoka mwaka 1990. Waliohamia walikuwa na tansio ya juu kuliko waliobaki, na tofauti hiyo ilionekana mapema, katika miezi ya kwanza ya kukaa mjini. Hawakungoja kuzeeka wala kutajirika. Mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi zaidi, na uzito wao ulikuwa umeongezeka. Mtu ameacha majani ya shamba na viazi vya mama yake, amekuta mkate, chakula cha kununua chenye chumvi, usingizi mbaya na mawazo ya kodi.

Sasa soma tena maneno hayo, na mahali pa Nairobi uweke kambi yetu. Kijana ametoka kwao mlimani, ameacha sombe na maharage, anakula makayabo na mkate, analala mchana kwa sababu ya zamu ya usiku, anatumiwa ujumbe kila juma kwamba mtoto amefukuzwa shule. Hana gari wala ofisi, lakini katika jambo la tansio amekwisha kuwa mtu wa mji.

Hata hivyo kazi ya mwili inasaidia, tusidanganyane. Huko London mwaka 1953 Daktari Morris na wenzake walilinganisha madereva wa basi na wale wanaokata tiketi wakipanda na kushuka ngazi za basi siku nzima. Wakata tiketi walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva. Kwa hiyo wewe unayeendesha mashini, unayekaa kitini saa nane na kurudi kambini kwa gari la kampani, usijihesabu pamoja na wabeba mizigo. Na mbeba mizigo asifikiri kwamba jasho linaosha kila kitu. Marehemu wetu alibeba mizigo maisha yake yote.

Mwaka 2012 ilitoka habari ya wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kazi katika hospitali za nchi tisa za Afrika, na jirani zetu Uganda na Kenya wamo. Karibu nusu yao chanzo kilikuwa tansio. Umri wao, ukiuchanganya na kuugawanya, ulikuwa miaka 52. Huko Ulaya mgonjwa wa namna hiyo mara nyingi ni mzee aliyepita miaka 70. Sisi tunaanguka wakati watoto wako darasani.

MAMA ANAPIMWA, BABA JE?

Katika nyumba ya mfanyakazi, nani anayejua tansio yake? Ni mama. Kila mimba anakwenda kwenye kipimo cha wajawazito, anafungwa kitambaa mkononi, hesabu inaandikwa katika karatasi yake. Mama wa watoto watano amepimwa labda mara 20. Baba wa watoto haohao alipimwa siku aliyoandikwa kazi, basi.

Watu wa Lemera wanajua namna mambo ya akina mama yalivyobadilika. Daktari Denis Mukwege alipofika hospitali ya Lemera mwaka 1983 alikuwa kijana, na nia yake ilikuwa kutibu watoto. Akaona akina mama wanaoletwa kutoka milimani wakiwa wamechelewa, wengine wakifa kwa uzazi ambao ungeweza kusaidiwa. Ndipo akaenda Ufaransa, katika mji wa Angers, kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi, akarudi. Dunia inamjua kwa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2018, na kwa kazi yake ya Panzi, lakini wazazi wetu walimjua hapa. Waliokuwapo hawasahau pia tarehe 6 Oktoba 1996, wakati hospitali hii iliposhambuliwa na wagonjwa na wauguzi wakauawa vitandani. Hospitali iliyopita katika moto ule bado inapima watu. Sioni sababu ya mwanamume mzima kuikwepa kwa kuogopa kitambaa cha mkono.

Lakini tuseme kweli: si kitambaa wanachoogopa. Wanaume wengi wanaogopa kazi yao. Katika kampani moja niliyofanyia kazi zamani, mwenzangu alipimwa, akakutwa na tansio, na mwisho wa mwezi akaambiwa apumzike nyumbani. Mpaka leo anapumzika. Habari hiyo ilifika galeri zote kabla ya jua kuchwa, na tangu siku hiyo hakuna aliyekwenda kupimwa kwa hiari. Nadhani hata marehemu wetu alificha kadi kwa sababu hiyo. Alikuwa na watoto sita.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na wakubwa wayasome pia. Wanaume wote wapimwe mara moja kwa mwaka, na wale waliopita miaka 40 mara mbili. Wapimwe siku ya mshahara, mahali pa mshahara, kwa kuwa siku hiyo hakuna anayekosa. Dispanseri ingojee zamu ya usiku itoke, isifungwe usoni pao. Na kadi ya tansio isiwe karatasi ya kufukuza mtu. Mtu mwenye 160 anayekunywa dawa ni salama shimoni kuliko mwenye 190 anayejificha. Anayehitaji kazi nyepesi kwa muda apewe, mshahara wake usiguswe. Nimekwisha kuambiwa kwamba hayo ni gharama. Ndiyo, ni gharama. Jeneza nalo tunalinunua, na lori la kupeleka msiba kwao.

Ukienda kupimwa, nenda vizuri. Usivute sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla. Usipimwe huku unahema kutoka mlimani: kaa kwanza dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza. Usizungumze. Uombe wakupime mara mbili. Uandike hesabu zako, umwonyeshe mke wako. Sisemi hivyo kwa adabu tu. Nyumba ambayo mama anajua hesabu, dawa hazisahauliwi.

Dawa hizo ndizo shida kubwa. Munganga anaandika kidonge kimoja kwa siku, mtu anakunywa mwezi mmoja, anapimwa tena, anakuta 130. Anasema: "Nimepona, asante Mungu," anaacha. Hajapona! Ni dawa iliyoshikilia tansio chini, kama mbao zinavyoshikilia dari la galeri. Ukizitoa mbao kwa sababu dari halijaanguka, utaona. Dawa ya tansio ni ya siku zote, hata siku ambayo unajisikia kama kijana. Ikikuletea shida, miguu kuvimba, kizunguzungu, nguvu za kiume kupungua, mwambie munganga akubadilishie. Zipo za namna nyingi. Nguvu za kiume ninazitaja wazi kwa kuwa najua ndizo zinazofanya wengi watupe vidonge chooni bila kusema, na tansio yenyewe ikiachwa inaziharibu zaidi.

Sasa mama, maneno haya ni yako. Chumvi yote ya mtu mzima kwa siku isizidi kijiko kimoja kidogo cha chai, na hapo ndani imo ile iliyofichika. Inafichika wapi? Katika makayabo, katika mkate, na zaidi katika kube za mchuzi. Mama anatia kube mbili katika sombe, halafu anaonja na kuongeza chumvi juu yake. Makayabo uyaloweke usiku, umwage maji, uloweke tena. Ndagala zilizoanikwa juani bila chumvi ni bora kuliko yale. Sombe, lengalenga, maharage na ndizi ni chakula cha kuteremsha tansio, na tunavyo mlangoni. Ni aibu tunaviona chakula cha maskini mara tu bwana anapoanza kupata mshahara. Mawese ni yetu na siwezi kuwaambia muyaache, lakini karibu nusu ya mafuta hayo ni ya aina inayoziba mishipa, kwa hiyo sufuria isielee. Kanyanga inapandisha tansio, bia nyingi vilevile.

Tumbako ni jambo la peke yake kwa mchimbaji. Moshi wa baruti na wa mashini una hewa ya sumu isiyo na harufu, monoksidi ya kaboni, inayokaa katika damu mahali pa hewa njema. Sigara ina hewa hiyohiyo. Mtu anayetoka galeri na kuwasha sigara mlangoni anaongeza sumu juu ya sumu, na moyo unasukuma damu isiyo na faida. Aliyeacha kuvuta, baada ya mwaka mmoja hatari yake ya ugonjwa wa mishipa ya moyo inapungua kama nusu. Mimi niliacha kwa shida kubwa, kwa kutafuna miwa, na meno yangu yanaonyesha.

AKIANGUKA MTU

Maumivu katikati ya kifua, kama jiwe zito limewekwa hapo, yanayokwenda mkono wa kushoto, shingo au taya, pamoja na jasho baridi, kichefuchefu na kukosa pumzi, hayo si vidonda vya tumbo mpaka munganga amesema. Wengi wamepewa magadi na maziwa hapo, saa zikapita. Msimamishe kazi palepale. Akae, mgongo umeegemezwa, nguo zilegezwe. Asitembee! Hata kama anasema anaweza, abebwe kwa kipoyi au gari, kwa sababu kila hatua ni kazi kwa moyo unaokufa. Kama anaweza kumeza, na aspirini haimdhuru wala hana vidonda vinavyotoka damu, atafune kidonge kimoja cha aspirini. Akizimia na hapumui, mlaze chali mahali pagumu, kandamiza katikati ya kifua kwa mikono miwili, kwa nguvu na haraka, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, mkibadilishana bila kuacha.

Kama uso umepinda upande mmoja, mkono hauinuki, maneno yanachanganyika, huko ni kupooza. Huyo usimpe aspirini wala chakula. Apelekwe hospitali mara moja, na mwandike saa ilipoanza.

Narudi kwenye jambo la mchawi, maana bado linanichoma. Sisemi kwamba hakuna watu wabaya duniani, wala kwamba sumu haipo. Ninasema kwamba mwanamume wa miaka 47 akianguka ghafula na kifua kikiuma, ugonjwa wa moyo ndio wa kufikiriwa kwanza, na kadi yake isomwe kabla ya kumtaja mtu. Katika jimbo letu la Kivu ya Kusini, mwaka 2021, wanawake walichomwa moto na kuuawa kwa kutajwa kuwa wachawi. Hawakupata nafasi ya kuuliza marehemu alikuwa na tansio ngapi.

Ile kadi ya 190 kwa 115 mjane alikubali tuipeleke kwa wazee wa ukoo. Tulikaa uani, munganga mmoja wa dispanseri akaja nayo mashini yake, akaeleza hesabu zile mbili kama nilivyowaeleza ninyi. Watu walinyamaza sana. Shemeji ya marehemu, yule aliyepiga kelele kuliko wote siku ya kilio, alisema karatasi inaweza kuandikwa na mtu yeyote. Munganga hakubishana naye, akamwomba mkono. Alipima, akangoja, akapima tena: 180 kwa 110. Shemeji aliuliza kama mashini ni nzima. Akapima mtoto wa nyumba, kijana wa miaka 20, akakuta 118 kwa 76. Shemeji akakaa.

Anakunywa dawa mpaka leo, mke wake ndiye anayemhesabia. Yule mama wa kasiksi hajarudi Lemera. Wanasema anauza ndagala Uvira, na tumetuma watu wawili kumwambia.